Sebuleni ametulia, bandani anatetemeka: hofu ya mnyama inakaa wapi kwenye ubongo?

SWALI: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Igombe, Ilemela. Nina mbwa dume anaitwa Simba. Masika iliyopita radi ilipiga mwembe ulio karibu na banda lake, usiku. Hakuumia, lakini tangu siku ile ikinguruma anatetemeka, anajikojolea, anakwangua mlango. Siku hizi hata upepo ukitikisa bati tu anaanza. Kiangazi chote nilikuwa namwekea sauti ya ngurumo kwenye spika pale sebuleni, kidogo kidogo, huku nampa dagaa, mpaka akazoea kabisa na kusinzia. Sasa mvua za vuli zimeanza. Akiwa sebuleni anainua masikio tu, lakini bandani karudi kulekule, na nilipompeleka Sengerema kwa mama ikawa vilevile. Rafiki yangu anayesomea udaktari anasema kuna kitu kinaitwa amigdala, ndicho kituo cha woga, na kikishaingiwa na hofu basi. Ni kweli? Kazi yangu yote imepotea? Na kuna dawa ya kumfutia kumbukumbu ile?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa Simba. Kazi yako haijapotea. Hicho ulichokiona, yaani mnyama yuleyule na sauti ileile lakini sebuleni katulia na bandani anatetemeka, kimeonekana kwa panya wa maabara mara nyingi mno, na watafiti wamekifuatilia mpaka ndani ya ubongo. Hofu ya Simba haikai mahali pamoja. Sehemu moja ya ubongo wake imejifunza sauti, nyingine imejifunza mahali, na nyingine imejifunza, kwa msaada wako, kwamba sauti ile si hatari. Hii ya mwisho ndiyo changa kuliko zote, na mpaka sasa inajua chumba kimoja tu.

Nianze na rafiki yako, maana hajakosea sana, ila kaishia njiani. Amigdala ni fungu dogo la seli za neva, moja kila upande, ndani kabisa ya ubongo usawa wa masikio. Kwa binadamu lina ukubwa wa lozi. Habari zake zilianza kujulikana mwaka 1937 huko Chicago, pale Heinrich Klüver na Paul Bucy walipowatoa nyani aina ya rhesus sehemu kubwa ya ubongo wa pembeni. Nyani waliokuwa wakali na wenye kuogopa watu wakawa wapole, wakashika hata vitu ambavyo nyani mzima hukimbia. Sehemu iliyotolewa ilikuwa kubwa mno, kwa hiyo haikujulikana nini hasa kilichoondoa hofu. Mwaka 1956 Lawrence Weiskrantz alionyesha kwamba ukiharibu amigdala peke yake, nyani anashindwa kujifunza kukwepa kitu kinachomletea maumivu.

Jaribio lililofungua njia kwelikweli ni la panya, na inafaa ulione kwa karibu kwa sababu ndilo lililompata Simba, tofauti ni radi badala ya umeme wa maabara. Panya anawekwa kwenye kisanduku chenye sakafu ya vyuma vyembamba. Unalia mlio mmoja kwa sekunde 20 hivi, na unapokaribia kukoma, shoti ndogo inapita kwenye sakafu kwa nusu sekunde. Panya anaruka. Mara chache tu zinatosha, pengine hata moja. Kesho yake ukimrudisha kwenye kisanduku kingine kisichofanana na kile, anazunguka, ananusa pembe, anajisafisha uso. Mlio ukianza, anakauka pale alipo. Miguu yote minne chini, mgongo umejikunja kidogo, sharubu zimeacha kucheza, na kinachotikisika ni mbavu tu kwa sababu ya kupumua. Ukipima shinikizo la damu, limepanda. Shoti haipo safari hii, ni mlio peke yake.

Miaka ya 1980 Joseph LeDoux na wenzake huko New York walijiuliza: mlio huo unapita wapi mpaka mwili mzima ukauke? Walipoharibu sehemu ya gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, inayoshughulika na usikivu, panya waliendelea kujifunza hofu kama kawaida. Walipoharibu talamasi, kituo cha chini kinachopokea sauti kabla haijafika kwenye gamba, hawakujifunza. Maana yake kuna njia ya mkato itokayo talamasi moja kwa moja mpaka amigdala, pembeni ya ile ndefu inayozunguka kupitia gamba. Kwa mnyama mzima njia zote mbili zinafanya kazi, lakini ile fupi inatosha. Ndiyo maana usimlaumu Simba kwamba "hafikiri". Mwili wake unaanza kuitikia ngurumo kabla ubongo wa juu haujamaliza kuipambanua.

Ndani ya amigdala kuna vyumba. Kile cha pembeni ndicho kinachopokea sauti, na hapohapo zinafika habari za maumivu na mshtuko. Vitu viwili vikigonga seli zilezile kwa wakati mmoja, vipokezi viitwavyo NMDA, yaani milango midogo kwenye ukuta wa seli, vinafunguka, madini ya kalsiamu yanaingia ndani ya seli, na kiungo kati ya neva ya sauti na seli ile kinaimarika. Kuanzia hapo sauti pekee inatosha kuiamsha. Mwaka 1990 kundi la Michael Davis, Marekani, lilizuia vipokezi hivyo kwenye amigdala za panya kwa dawa. Panya waliopewa dawa wakati wa kufundishwa hawakujifunza kuogopa. Waliokuwa wameshajifunza kabla, dawa haikuwaondolea hofu. Hapo utaona kuwa kujifunza hofu na kuionyesha ni kazi mbili tofauti, na nakuomba uishike hiyo mpaka tufike kwenye swali lako la dawa.

Amri zinatokea chumba cha kati cha amigdala. Uzi mmoja unashuka kwenye haipothalamasi, ambayo inaendesha moyo, shinikizo la damu na homoni za mshtuko. Mwingine unakwenda kwenye eneo la kijivu la ubongo wa kati, linalomfanya mnyama akauke au atimke. Mwaka 1988 ilionyeshwa kwamba ukiukata mmoja, mwingine unabaki: panya anaacha kukauka lakini shinikizo linapanda vilevile, au kinyume chake. Kwa hiyo usimpime Simba kwa kutetemeka peke yake. Mbwa anaweza kulala kimya kabisa huku moyo unamwenda mbio.

Sasa tufike bandani.

Yule panya, ukimrudisha kwenye kisanduku kilekile alichopigiwa shoti, anakauka hata kabla mlio haujalia. Mahali penyewe pamekuwa tishio. Mahali si kitu kimoja kama mlio, ni harufu, mwanga, sakafu, mwangwi, vyote vikiunganishwa kuwa picha moja, na kazi hiyo ya kuunganisha ni ya hipokampasi, sehemu ndefu iliyojikunja jirani kabisa na amigdala. Mwaka 1992 Jeansok Kim na Michael Fanselow waliwafundisha panya hofu ya mlio na hofu ya kisanduku kwa pamoja, kisha wakaharibu hipokampasi. Walioharibiwa siku moja baada ya mafunzo walipoteza hofu ya kisanduku, lakini hofu ya mlio ikabaki vilevile. Walioharibiwa siku 28 baadaye waliendelea kuogopa kisanduku kwa kiasi kikubwa. Kumbukumbu ya mahali ilikuwa imeshaanza kujitegemea, haihitaji tena hipokampasi kama mwanzo.

Simba alijifunza vyote viwili usiku ule: ngurumo, na banda chini ya mwembe. Wewe kiangazi ulishughulikia ngurumo. Banda hukuligusa, na sikulaumu, hakuna aliyekuambia. Upepo na bati navyo ni vya kundi hilohilo. Huku kwetu upepo mkali karibu kila mara unatangulia mvua ya radi, na ubongo wa mnyama ni hodari sana wa kukamata kinachotangulia. Bati likitikisika, kwa Simba ngurumo imeshaanza.

Hapa ndipo kwenye kiini cha swali lako: kwa nini alichozoea sebuleni hakikumfuata nje. Pavlov mwenyewe, yule mtafiti Mrusi wa mbwa, mwanzoni mwa karne ya 20, aliona kwamba mbwa aliyezoezwa kutoitikia tena ishara fulani, ukimpumzisha kisha ukamrudishia ishara ileile, mwitikio unarudi bila kufundishwa upya. Kama kumbukumbu ya kwanza ingekuwa imefutwa, ingerudi kutoka wapi? Baadaye Mark Bouton alionyesha mambo mawili zaidi kwa panya. La kwanza, ukimfundisha hofu chumba hiki na kumzoesha chumba kingine, hofu inarudi ukimpeleka chumba cha kwanza, na mara nyingi inarudi hata ukimpeleka chumba cha tatu asichowahi kukiona. Hiyo ndiyo Sengerema yako. La pili, mnyama aliyekwisha kutulia akipata shoti moja tu bila mlio wowote, hofu ya mlio inaweza kuamka tena.

Basi kumzoesha mnyama si kufuta. Ni kuandika kumbukumbu ya pili juu ya sauti ileile, kumbukumbu ya usalama, na inaandikwa sehemu nyingine: upande wa mbele wa gamba la ubongo, kwenye uso wake wa ndani. Mwaka 1993 ilionekana kwamba panya walioharibiwa eneo hilo wanajifunza hofu kama wenzao, ila kuwatuliza kunachukua muda mrefu mno. Mwaka 2002 Mohammed Milad na Gregory Quirk, wakifanya kazi Puerto Rico, walisikiliza seli za eneo hilo moja moja. Wakati panya anafundishwa hofu, mlio ulipolia zilikuwa kimya. Wakati anazoeshwa, kimya pia. Kesho yake, panya anapoukumbuka usalama aliojifunza jana, ndipo zikaitika mlio, na panya ambao seli zao ziliitika zaidi ndio waliokauka kidogo zaidi. Watafiti wakaenda mbele: wakawachukua panya ambao hawajazoeshwa kabisa, wakazichochea seli hizo kwa umeme kila mlio ulipolia, na panya wakapunguza kukauka. Seli hizi zinafanya kama breki. Zinatuma neva mpaka kwenye amigdala na kuamsha seli ndogo za kuzuia zilizokaa mlangoni mwa chumba cha kati, amri isitoke.

Na nani anaiambia breki ishike hapa na iachie pale? Hipokampasi tena. Mwaka 2001 Kevin Corcoran na Stephen Maren waliinyamazisha hipokampasi kwa dawa kwa muda mfupi, na panya waliokwisha zoeshwa wakabaki wametulia hata walipopelekwa mahali ambapo kwa kawaida hofu ingerudi. Hofu ya kwanza inasafiri na mnyama popote. Usalama unauliza kwanza, "hapa ni wapi?" Nadhani ni sawa kwa mnyama anayeishi porini kuwa hivyo, maana kuogopa bure kunamgharimu kidogo, kutoogopa mara moja kunaweza kumuua. Kwa mbwa wa Igombe ni mateso, ndiyo maana inabidi tumsaidie.

Kuhusu kuiita amigdala kituo cha woga, mwambie rafiki yako asome kuhusu mgonjwa anayejulikana kwa herufi S.M., mwanamke wa Marekani ambaye ugonjwa adimu uliziharibu amigdala zake zote mbili. Nyoka hamtishi, filamu za kutisha hazimtishi. Lakini mwaka 2013 ilichapishwa habari kwamba alipovutishwa hewa yenye kabonidayoksaidi nyingi, alishikwa na taharuki kubwa. Hofu ilikuwepo, njia iliyozoeleka ndiyo haikuwepo. LeDoux mwenyewe amesisitiza miaka ya karibuni kwamba amigdala inagundua tishio na kuamrisha mwili, na kwamba hisia ya woga kama tunayoisimulia sisi ni jambo pana kuliko hapo. Tena amigdala hiyohiyo inajifunza mazuri. Simba alipoanza kuchangamka kila ulipochukua kopo la dagaa, amigdala ilikuwa kazini.

Wala si mambo ya wanyama wanaonyonyesha tu. Ukipita mwaloni Kirumba utaona kunguru wanavyojua ni kijana gani huwarushia mawe na ni mama gani huwaachia matumbo ya samaki. Huko Seattle, John Marzluff na wenzake walivaa kinyago wakawakamata kunguru, kisha wakawapiga kunguru hao picha za ubongo zinazoonyesha sehemu inayofanya kazi. Matokeo yaliyotoka mwaka 2012 yalionyesha kwamba sura ya aliyewakamata iliamsha maeneo ya ubongo wa ndege yanayolingana na amigdala yetu. Hata samaki: mwaka 2004 watafiti wa Hispania walionyesha kwamba samaki wa dhahabu aliyeharibiwa sehemu moja ya ubongo wa mbele, ile inayofanana na amigdala, anasahau kukwepa taa inayotangulia shoti. Mambo haya ni ya kale kuliko manyoya ya Simba.

Swali la dawa ya kufuta. Mwaka 2000 Karim Nader, Glenn Schafe na LeDoux waligundua kwamba kumbukumbu ya hofu ikikumbushwa, inalegea kwa muda na inahitaji protini mpya ili ikaze tena. Walimkumbusha panya mlio mara moja, kisha wakazuia utengenezaji wa protini ndani ya amigdala, na kesho yake hofu ilikuwa imepungua sana. Habari hiyo iliwapa watu matumaini makubwa, lakini dawa ile iliingizwa kwa sindano ndani ya ubongo wenyewe na ni sumu. Mwaka 2009 ilionekana pia kwamba panya wachanga, wakizoeshwa, hofu inafutika kweli, na kwamba kinachowatofautisha na wakubwa ni nyavu za protini zinazozizunguka seli za amigdala wakikua. Nyavu zikiyeyushwa kwa panya mkubwa, hofu atakayojifunza baada ya hapo inaweza kufutika. Ile aliyoipata kabla haiguswi. Simba ameshakua na radi imeshapiga. Kwa hiyo dawa ya kufuta, hapana. Dawa za kupunguza hofu siku ya radi zipo, na daktari wa mifugo akimwona anaweza kukuandikia. Jihadhari na za kulegeza mwili peke yake, kama asepromazini, kwa sababu mbwa analala hana nguvu ya kukimbia huku hofu yake iko palepale. Vidonge vya binadamu vya usingizi usimpe kabisa.

Sasa umalizie kazi yako. Siku ya radi yenyewe usifanye mazoezi. Mwingize ndani mapema, sebuleni, kwa sababu kila usiku anaotetemeka bandani ni shoti mpya inayoamsha ile ya zamani. Ziwa Victoria letu linabaki na joto usiku nchi kavu ikipoa, pepo za nchi kavu zinakutana juu ya maji, na ndiyo maana radi nyingi za ziwani ni za usiku na alfajiri. Akilala ndani miezi hii ya vuli, umemwepusha nyingi. Akikusogelea, mshike, mpapase. Watu watakuambia unamdekeza na utamzidishia uoga, si kweli. Kinachoongeza hofu ni ngurumo na fimbo.

Siku zisizo na mvua, chukua spika yako utoke sebuleni. Anza barazani, kisha uani, kisha kwa jirani, kisha Sengerema ukienda kwa mama. Kila mahali papya, rudisha sauti chini kabisa, hata kama sebuleni ilikuwa juu, kwa sababu breki yake hapo haijui lolote. Fanya mchana, kisha fanya usiku. Mtazame mdomo na macho. Akilamba lamba midomo bila chakula, akapiga miayo, akageuza kichwa na weupe wa jicho ukaonekana, umeshazidisha. Kipimo nikipendacho ni dagaa mmoja ukimnyooshea: akimchukua haraka na meno laini, endelea. Akimnyakua kwa pupa, punguza. Asipomtazama kabisa, zima spika, siku hiyo imekwisha.

Spika ndogo haitoi ule mtikisiko mzito wa chini unaousikia kifuani radi ikipiga karibu, kwa hiyo ukipata spika kubwa ya kuazima mara mojamoja, itumie kwa sauti ya chini. Bati lizoeshe peke yake bila ngurumo: pata kipande, kitikise kwa mbali, dagaa, basi.

Banda lihamishe sasa hivi upande wa pili wa nyumba, mbali na mwembe, na wiki za kwanza alijue kwa chakula tu, bila spika. Pale pa zamani pawe pa mwisho. Subiri kiangazi kijacho, anza kwa kumpitisha tu na kumlisha hapo mchana, na siku atakapokula dagaa chini ya mwembe usiku huku spika inanguruma, niandikie uniambie ilichukua muda gani na sauti ilikuwa kiwango gani, kuna wengine wawili wa Sengerema wenye mbwa wa namna hiyo ninaotaka kuwaelekeza.